KUUCHUKUA MTUMBWI NCHI KAVU

 Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya safari ya mtoni, lakini si juu ya kupiga kafi. Kupiga kafi hatuna haja ya kumfundisha mtu wa Ikolo, wala wa Mwaya, wala wa Matema. Huyo aliujua ubwato kabla hajajua kusoma. Twataka kusema juu ya mahali ambapo kafi halifai kitu tena, yaani mahali mto unapoanguka juu ya mawe, au unapozuiwa na ukuta uliojengwa na watu. Hapo msafiri hana budi kushuka, autoe mtumbwi majini, auchukue kwa nchi kavu mpaka apate maji mema tena.

Jambo hili laonekana dogo, lakini watu wamekufa kwa sababu ya kukataa kushuka, na wengine wao hawakuwa wageni wa maji, bali hodari wa kuogelea. Kwa hiyo tumeona vema tuwaeleze kwanza habari za watu wa zamani waliovichukua vyombo vyao mabegani, maana Ziwa letu la Nyasa lina habari nyingi za namna hiyo. Kisha tutaeleza hatari ya kuta za maji za siku hizi, na mwisho tutataja kanuni ambazo msafiri yampasa kuzishika.

Ziwa Nyasa lina urefu wa maili 360 hivi, na mito mingi huingia ndani yake. Katika nchi yetu ya Kyela peke yake huingia Songwe, na Kiwira, na Mbaka, na Lufilyo. Lakini mto utokao ni mmoja tu, nao ni Shire, ulio upande wa kusini kabisa, katika nchi ya Malawi. Shire huenda ukaingia Zambezi, na Zambezi huingia baharini. Basi mtu akitazama ramani aweza kufikiri ya kuwa mtumbwi ulioondoka Ikolo utafika Bahari ya Hindi bila watu wake kukanyaga nchi. Ramani haisemi uwongo, lakini haisemi yote. Katikati ya Matope na Chikwawa mto Shire hushuka futi zaidi ya 1,200, ukipita katika maporomoko mengi: Kholombidzo, Nkula, Tedzani, Kapichira, na mengine. Hapo chombo cha mizigo hakipiti, wala kwa kuteremka wala kwa kupanda.

Daktari Livingstone alifika chini ya maporomoko hayo mwaka 1859, akayapa jina la Murchison. Meli yake ndogo ikakoma pale pale, na mwezi wa Septemba mwaka ule alilifikia Ziwa kwa miguu. Mwaka 1861 akarudi na mashua nyepesi ya makasia manne. Watu wakaichukua mabegani wakayapita maporomoko yote, wakaiweka majini upande wa juu, naye akaingia Ziwani ndani ya mashua ile. Tena alikuwa ameagizia meli iliyoundwa kwa vipande, jina lake Lady Nyassa, akaanza kukata barabara ya kuipitisha. Lakini mwaka 1863 aliitwa arudi kwao, na kazi ikaachwa njiani. Ile meli haikuliona kamwe ziwa ambalo iliitwa kwa jina lake.

Baadaye habari zilivuma kwamba Livingstone ameuawa. Mwaka 1867 mwanamaji wa Kiingereza, Bwana E. D. Young, akatumwa kutafuta ukweli wa habari hizo. Yeye naye alileta mashua ya chuma cha pua iliyokatika vipande, na Makololo wa nchi ile wakaivusha maporomoko. Akaingia Ziwani, akauliza pwani, akapata hakika ya kuwa Livingstone yu hai na amekwisha kupita kwenda mbele.

Bwana Young huyu ndiye aliyerudi mwaka 1875, pamoja na wamisionari wa Uskochi, akileta meli ya moshi iitwayo Ilala. Meli hiyo ilikuwa imeundwa Uingereza kwa namna ambayo mafundi waweza kuifungua na kuiunga tena. Waliiunga penye mdomo wa Zambezi, wakapanda nayo mto mpaka chini ya maporomoko, kisha wakaifungua yote, bati kwa bati na parafujo kwa parafujo. Wakakusanya wapagazi karibu 800. Njia ilikuwa ya maili 60 hivi, ya mawe na vilima na jua kali, na ujira wao ulikuwa nguo. Walipofika juu, mizigo ikahesabiwa, na yote ikaonekana. Meli ikaungwa upya, na tarehe 12 Oktoba 1875 Ilala ikaingia Ziwa Nyasa, meli ya moshi ya kwanza katika Ziwa hili. Kisha Young akaja nayo mpaka kwetu kaskazini, akaiona ile milima mirefu inayosimama juu ya maji upande wa mashariki, ndiyo tuiitayo hata leo Milima ya Livingstone.

Fikirini jambo hili, ninyi vijana mnaojifunza hesabu. Watu 800 wamepewa vipande vya chombo kimoja. Kama mmoja wao angaliutupa mzigo wake kichakani na kutoroka usiku, kazi ya wale 799 ingaliharibika, maana meli haiwezi kuelea na tundu ubavuni. Hapana aliyefanya hivyo. Wazee husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini watu wale waliuona mzigo wa kila mtu kuwa mzito sawa na wake. Jina la Young limeandikwa vitabuni, na majina ya wale 800 hayakuandikwa. Basi tukiisoma habari ya Ilala shuleni, na tuwakumbuke hao pia.

Vyombo vingine vilifuata njia ile ile. Mwaka 1893 meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, iliungwa juu ya maporomoko baada ya kupandishwa kwa vipande, ikawa ikija katika pwani hizi za kaskazini. Mwaka 1901 ikashushwa Ziwani meli ya misheni, Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyekufa maji katika Ziwa hili hili mwaka 1895. Meli hiyo ilitoka Uskochi katika mizigo 3,481. Dungu lake la kuchemshia maji lilikuwa na uzito wa tani 11, halikuweza kukatwa vipande, wala hapana kichwa wala bega la kulichukua. Likawekwa juu ya gari la magurudumu, na Wangoni 450 wakalikokota kwa kamba maili 64. Kwa habari hizi twajua ya kuwa kuchukua chombo nchi kavu si kazi ya watu wanyonge. Vyombo vikubwa vya kwanza vya Ziwa letu vyote vilifika kwa miguu ya watu.

Sasa tuwasimulie habari nyingine, ya huzuni, tupate kujua upande wa pili wa jambo hili. Mwezi wa Novemba 1874 Bwana Stanley aliondoka Bagamoyo pamoja na waungwana wa Unguja na wa pwani, wakichukua mashua iitwayo Lady Alice, iliyokatika vipande. Mashua ile ilichukuliwa mabegani mpaka Ziwa Victoria, kisha mpaka Ziwa Tanganyika, kisha mpaka mto wa Kongo. Mwaka 1877 wakafika mahali ambapo mto wa Kongo huanguka katikati ya milima, poromoko baada ya poromoko, kabla ya kufika baharini. Walikuwa na mitumbwi mikubwa ya magogo pia. Wakakata njia msituni, wakatandika matawi na magogo, wakaiburura mitumbwi kwa kamba za miti. Penye maporomoko ya Inkisi waliipandisha mlimani, kimo cha futi zaidi ya 1,000, wakaiteremsha upande wa pili. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, na njaa ilikuwa nyingi.

Kazi ile iliwachosha watu, na penye uchovu ndipo hatari ilipoingia. Mwezi wa Machi kijana Kalulu alichukuliwa na maji pamoja na wenzake, mtumbwi wao ukapita juu ya poromoko wasionekane tena. Mwezi wa Juni zamu ikawa ya Frank Pocock, Mwingereza mwenzake Stanley. Pocock alikuwa mwogeleaji hodari sana, mtoto wa pwani. Lakini viatu vyake vilikuwa vimekwisha, na miguu yake ilikuwa na vidonda, hata hakuweza kutembea. Stanley alikuwa ametangulia kwa nchi kavu, na Pocock alikuwa achukuliwe kwa machela. Yeye akaona uchungu kungoja, akataka kupita kwa mtumbwi mpaka karibu na poromoko la Massassa. Nahodha wa mtumbwi alikuwa Uledi, mtu wa Unguja, aliyekuwa amewaokoa watu wengi katika safari ile. Uledi akaenda kuyatazama maji, akarudi akasema hayapitiki. Pocock akawadhihaki, akawaambia kwamba waogopa. Neno hilo likawachoma, wakaingia mtumbwini. Mtumbwi ukashikwa na mkondo, ukaanguka, ukazungushwa na kumezwa na maji. Uledi na wengine waliibuka wakaokoka, lakini Pocock akafa, na watu wawili pamoja naye.

Wasikilizaji wetu, maji yale hayakuuliza ni nani hodari. Uledi alikuwa na ujuzi na tena ushujaa, na kwa sababu hiyo alisema, tushuke. Aliyeshindwa kuvumilia mwendo wa miguu ndiye aliyemwita mwoga. Nasi twawaomba vijana wetu waliangalie neno hilo. Mwenzako akikuambia, ‘Unaogopa,’ hajakupa habari yoyote ya maji. Nenda ukayatazame mwenyewe, kisha useme uliyoyaona.

Na mwisho wa Lady Alice ulikuwaje? Walipofika poromoko la Isangila, wakaambiwa kwamba baharini si mbali tena kwa njia ya miguu. Wakaipandisha mashua juu ya mawe, wakaiacha pale, baada ya kuichukua karibu Afrika nzima, wakaenda zao kwa miguu. Tarehe 9 Agosti 1877 wakafika Boma. Hilo nalo ni fundisho. Chombo ni cha kumsaidia mtu. Siku ambayo hakisaidii tena, na kibaki.

Basi tuje katika siku zetu. Maporomoko ya asili hujulisha habari zake: huvuma, hutoa moshi wa maji, na mawe yake huonekana. Ukuta wa bwawa haufanyi hivyo. Mto unaozuiwa hutulia, hupanuka ukawa kama ziwa, na msafiri atokaye juu hufurahi akaacha kupiga kafi, akisema, leo maji ni mema. Kumbe utulivu ule ndio dalili ya hatari. Atazamapo mbele haoni ukuta, maana aliyeko juu ya maji hawezi kuuona ukuta ulio chini ya maji. Huona tu mstari ulionyoka, kana kwamba mto umekatwa kwa kisu, na nyuma yake vilele vya miti ya bondeni. Mstari huo ukiuona, usingoje kuujua zaidi. Geuza omo uende ukingoni.

Ukuta mkubwa una hatari mbili. Ya kwanza ni milango na midomo ya mabomba, ambako maji hufyonzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme. Juu maji huonekana yamelala, na chini yanakwenda kwa nguvu, nayo hubandika kitu chochote juu ya vyuma vya kuzuilia takataka. Ya pili iko chini ya ukuta. Wenye mitambo hufungua milango wanapotaka, na mto uliokuwa na maji ya magotini huweza kujaa kwa ghafula, hata kama kwako wewe mvua haikunyesha.

Lakini ukuta mdogo nao usiudharau. Vijana wa Kyela wanajua banio, ule ukuta mfupi unaozuia mto ili maji yaende kwenye mashamba. Wakati wa kiangazi watoto huvuka juu yake kwa miguu. Mvua za Machi na Aprili zijapo, maji hupita juu yake kama nguo laini, na mtu huona kuwa mtumbwi waweza kuteleza tu ukapita. Hapo ndipo penye mtego. Maji yaangukayo huchimba chini, kisha huibuka na kurudi nyuma kuelekea ukutani, yakazunguka pale pale kama jiwe la kusagia. Kitu kinachoelea hakitoki. Gogo huzunguka hapo siku nzima, na mtu naye huzunguka: huvutwa chini, huibuka, hurudishwa ukutani, huvutwa tena, mpaka nguvu zikamwishia. Anayejitosa kumwokoa hushikwa naye. Yule aliye ukingoni yampasa kutupa kamba, au kibuyu kilichofungwa kamba, lakini mwenyewe asiingie.

Sasa turudi kwa mtumbwi wetu ulioondoka Ikolo kwenda baharini. Zamani za Young ungalikuta maporomoko tu. Siku hizi utakuta kwanza ukuta wenye milango wa Liwonde, uliojengwa mwaka 1965 ili kuongoza maji yatokayo Ziwani. Kisha utakuta mabwawa ya umeme: la Nkula, ambalo mitambo yake ilianza mwaka 1966, la Tedzani, mwaka 1973, na la Kapichira, mwaka 2000. Hata hizo kuta zenyewe haziushindi mto siku zote. Mwezi wa Januari 2022 tufani iitwayo Ana ilileta mafuriko yaliyobomoa sehemu ya bwawa la Kapichira, na umeme wa pale ukakatika kwa muda mrefu.

Na mambo si hivyo Malawi tu. Katika Uganda, mto Nile utokapo Ziwa Victoria penye mji wa Jinja, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Likafuata la Bujagali, mwaka 2012, ambalo maji yake yaliyafunika maporomoko ya jina hilo. Na la Isimba, mwaka 2019. Huko wako vijana wanaofanya mchezo wa kuteremka maporomoko kwa kayaki. Kayaki ni mtumbwi mdogo mwembamba wa mtu mmoja, uliofunikwa juu, naye mpandaji hukaa tunduni kiuno kimefungwa ili maji yasiingie. Hao hupinduka katika mawimbi wakajiinua tena, wala hawajali. Lakini wafikapo penye ukuta, hushuka wakaiweka kayaki begani wakaenda kwa miguu. Katika nchi yetu wenyewe, mto Rufiji umezuiwa kwa ukuta wenye kimo cha mita 131, nalo Bwawa la Julius Nyerere likaanza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022. Hapana mtumbwi utakaopita hapo ila kwa mabega.

Basi tutaje kanuni zenyewe, nazo ni sita.

Kanuni ya kwanza ni kuuliza kabla ya safari. Waulize wavuvi wa mto ule, si wa mto mwingine, ni wapi pana ukuta au poromoko, njia ya kupita iko ukingo upi, na milango hufunguliwa lini. Penye mitambo ya umeme pana walinzi na ua. Waombe ruhusa, wala usipite kwa siri. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kanuni ya pili ni kushuka mapema. Mkondo huongezeka nguvu kwa kadiri unavyokaribia ukuta, na penye ukingo wa karibu mara nyingi hapana pa kushika. Afadhali kutembea hatua mia tano zaidi kuliko kukosa hatua tano. Aliye omoni ashuke kwanza na kamba mkononi, aifunge mtini, ndipo wengine washuke.

Kanuni ya tatu ni kupakua vyote. Wakisi wa chini ya Milima ya Livingstone huleta vyungu vyao sokoni Matema kwa mitumbwi, nao hupakua vyungu kwanza. Mtumbwi wenye mizigo ukiburutwa hupasuka tumbo, na mizigo humwagika. Nendeni mara mbili: mara ya kwanza mchukue mizigo, ili mwione njia mkiwa wepesi na kuondoa miiba na mawe, mara ya pili mrudi kuuchukua mtumbwi. Wako watakaosema kwamba huko ni kupoteza wakati. Wale wa Ilala walitumia majuma, nao walifika na chombo kizima.

Kanuni ya nne ni juu ya kuchukua kwenyewe. Kayaki, ambayo ina uzito wa kilo 20 hivi, mtu mmoja huiweka begani akaishika kwa mkono, au wawili huishika mmoja mbele na mmoja nyuma. Mtumbwi wa mbao hupinduliwa, ukalazwa juu ya mabega ya watu wanne wenye kimo sawa, na kila mmoja aweke ngata ya nguo au ya majani. Mrefu na mfupi wasichukue upande mmoja, maana mfupi atakuwa anatembea tu na mrefu ataumia. Mtumbwi wa gogo hauchukuliki namna hiyo. Huo tandikeni magogo ya mviringo, mvute kwa kamba mbili mbele, na kamba moja nyuma ya kuuzuia wakati wa kuteremka. Mtu mmoja peke yake atoe amri, na wengine wamfuate kwa sauti moja. Asisimame mtu yeyote mbele ya mtumbwi unaoteremka kilima, hata kama anadhani ana nguvu.

Kanuni ya tano ni kuangalia wanyama. Jioni na usiku kiboko hutoka majini kwenda malishoni, na njia nyororo uionayo ukingoni yaweza kuwa njia yake. Ukisimama katikati yake na maji, atakupitia. Mamba naye hupenda kungoja mahali watu wanaposhukia. Basi fanyeni kazi hiyo mchana, piga maji kwa pondo kabla ya kuingia, wala msiwaache watoto walinde mizigo ukingoni peke yao.

Kanuni ya sita ni kurudi majini mbali. Msiushushe mtumbwi mara mnapoupita ukuta. Endeleeni mpaka povu liishe, na maji yaache kurudi nyuma, na ukingo uwe mpana kiasi cha kukimbilia ikiwa milango imefunguliwa. Mkisikia king'ora au kengele, acheni mizigo mpande juu. Mizigo yanunulika tena.

Kabla hatujamaliza, sisi wa Kyela tuna neno letu wenyewe. Serikali za Tanzania na Malawi zimekusudia kwa miaka mingi kujenga bwawa katika mto Songwe, ili kuzuia mafuriko, kutoa umeme na kumwagilia mashamba. Makusudi hayo ni mema. Wale waliohamishwa mara kwa mara na mafuriko ya Songwe wanajua wema wake kupita sisi tunaosema. Lakini mto ule ni njia ya watu pia. Ndugu huvuka kutembeleana, mpunga husafirishwa, wavuvi hupanda na kushuka, na Kinyakyusa cha huku na Kingonde cha ng'ambo ni lugha ndugu. Ukuta ukijengwa bila kuwafikiria wenye mitumbwi, watafanya nini? Wengine wataacha safari. Wengine watajaribu kupita, na hao ndio tutakaowazika.

Kwa hiyo yafaa wazee wa vijiji, wakialikwa katika mikutano ya jambo hilo, wasiulize habari za fidia ya mashamba tu. Waombe mambo manne, ambayo gharama yake ni ndogo kando ya gharama ya ukuta. Kwanza, mahali pa kushukia palipo salama, mbali juu ya ukuta, penye ngazi au mteremko wa saruji. Pili, njia pana iliyosawazishwa, ambayo watu wanne waweza kupita na mtumbwi mabegani. Tatu, mahali pa kuingilia majini tena, mbali chini ya ukuta. Nne, maboya yenye rangi ya kuonekana yaliyotandwa kwa kamba mtoni, na mbao za maandishi makubwa katika lugha za watu wa pande zote mbili, pamoja na king'ora kabla ya kufungua milango. Mambo haya huwa rahisi yakiwekwa katika ramani ya mafundi tangu mwanzo. Ukuta ukiisha kusimama, kila jiwe la kuongeza huwa shauri la miaka.

Nanyi walimu wenzetu mlio shuleni, wafundisheni watoto jambo hili kwa vitendo. Wapeleke vijana pwani na mtumbwi mtupu, wajifunze kuupindua, kuuinua kwa pamoja, na kuuchukua hatua mia. Mtoto aliyezoea kufanya hivyo kwa mchezo hataona haya kufanya hivyo siku ya hatari. Mtumbwi umemchukua mtu siku nyingi bila kunung'unika. Si ajabu siku moja mtu naye akauchukua.